Shajara ya mradi: kupanga upya duka la vyombo, Mwanga, Kigoma

22 Julai 2024. Duka lilivyo kabla hatujagusa kitu

Duka ni la shangazi yangu, liko Mwanga, karibu na soko. Anauza vyombo vya nyumbani: sufuria, hotpoti, chupa za chai, sahani, glasi, masinia, ndoo na madiaba, na upande mmoja mashuka, vyandarua na vitambaa vya meza. Chumba kina upana wa mita nne na urefu wa mita sita, na mlango unatazama magharibi, upande wa ziwa. Shajara hii naiandika kwa ajili ya wenye maduka ya ukubwa huu. Nitaongeza hatua kila inapokamilika, pamoja na gharama zake, ili anayetaka kuiga achukue kilichofaa na aruke kilichokula fedha bure.

Hali ya sasa ni hii. Kaunta imeziba mlango. Mteja anasimama kibarazani, ananyoosha kidole, binti wa dukani anapanda kigoda na kushusha. Rafu zinafika darini, na zaidi ya nusu ya mali imo ndani ya maboksi yaliyopandana. Ndoo zilizotundikwa mlangoni zimeziba mwanga. Hakuna bei iliyoandikwa popote.

Mali bila daftari hupotea bila habari, kwa hiyo kabla ya kuhamisha hata kijiko tulianza kuhesabu. Kila mtu anayesimama kuuliza, binti anaweka haragwe moja kwenye kikombe. Akinunua, haragwe jingine linakwenda kwenye kikombe cha pili. Jioni tunahesabu vikombe vyote viwili na kuandika pamoja na mauzo ya siku. Katika kila watu kumi, wanaonunua ni watatu hivi. Kilichonigusa zaidi ni maswali yenyewe, nayo tuliyaandika. "Sahani kubwa hamna?" "Hotpoti za seti hamjaleta?" Zipo. Ziko juu, ndani ya boksi, nyuma ya kichwa cha yule anayeulizwa. Binti akiwa na wateja watatu kwa wakati mmoja, wa nne anaangalia ukuta wa maboksi, haoni anachotaka, anavuka kwenda duka la pili. Shangazi ameweka fedha yake kwenye sahani zile, na mteja ameondoka akiamini hazipo.

Jambo moja kuhusu majira. Uvuvi Ziwa Tanganyika umefungwa tangu 15 Mei, na utafunguliwa 15 Agosti. Kigoma dagaa na migebuka wasipotoka, fedha haitembei mjini, hata kwa muuza sufuria. Ni wakati mzuri wa kuhamisha vitu kwa sababu wateja ni wachache, lakini ni wakati mbaya wa kupima. Ziwa likifunguliwa mauzo yatapanda hata tusipogusa kitu, na sitaki tujisifie kupanda huko.

29 Julai. Kutoa kila kitu nje

Tulifunga duka siku moja, tukatoa mali yote, tukafuta vumbi, tukaandika orodha. Kazi ya kawaida, sina la kueleza hapo, isipokuwa mali iliyolala: birika za plastiki zilizopauka, glasi za miguu mirefu ambazo hakuna aliyewahi kuziulizia, na mashuka ya rangi moja yaliyokaa chini mpaka mikunjo ikashika vumbi. Kwa bei ya kununulia, mali hiyo ingeweza kuleta mzigo mwingine mzima wa sufuria.

Mjadala mkubwa ulikuwa wa kiasi. Nilipendekeza kila aina itoke mbele kwa mfano mmoja au mitatu, nyingine ziwe stoo au chini ya rafu zikiwa na maandishi yanayosomeka. Shangazi akakataa. "Duka likiwa na nafasi watu watasema nimefilisika, mwanangu. Halafu kizuri chajiuza." Ana sababu. Hapa Mwanga duka lililojaa mpaka mlangoni ni ushahidi wa mtaji, na mteja anayenunua kwa wingi anataka kuuona mtaji huo kwa macho. Nikamjibu kwamba kizuri kinajiuza kikionekana, na daftari la wiki ile lilikuwa mezani na maswali yake.

Tukaafikiana hivi: ukuta wa kulia upangwe upya, ukuta wa kushoto ubaki umejaa kama zamani mpaka mwisho wa Septemba. Namshukuru kwa wazo hilo, kwani ndilo limetupa kipimo kizuri kuliko vyote. Sahani, sufuria na hotpoti za aina zile zile ziko pande zote mbili, kwa bei ile ile, na daftari linaandika imetoka upande gani.

6 Agosti. Rangi, rafu na kaunta

Rangi ya maji nyeupe, ndoo ya lita 20, na brashi na rola: 84,000. Nyeupe kwa sababu sufuria na plastiki za rangi zinaonekana vizuri mbele yake. Ukuta wa zamani ulikuwa wa kijani kibichi na ulikuwa unaipa kila sahani rangi ya mchicha.

Rafu hatukununua. Fundi seremala alizipunguza za zamani kina, kutoka sentimita 60 kuja 35, kwa sababu kwenye kina kirefu cha nyuma hakuna jicho linalofika. Ya juu kabisa ameiweka sentimita 170 kutoka sakafuni. Plaiwudi, skwea paipu na misumari 140,000, ufundi 60,000. Rafu zilizo kati ya kifua na macho ndizo zenye thamani kuliko zote dukani, na tumeziwekea vitu vyenye faida kubwa: seti za hotpoti, sahani za udongo, sufuria za chuma cha pua. Ndoo na madiaba, ambayo mtu anayafuata akiwa ameshaamua kutoka nyumbani, yamekwenda chini.

Kaunta ndiyo badiliko kubwa. Tumeitoa mlangoni na kuipeleka mwisho wa chumba. Mtu wa Kigoma haingii dukani na kuanza kushika vitu kabla ya salamu. Anamfuata mwenye duka alipo, anasalimia, ndipo anasema shida yake. Kaunta ikiwa mlangoni, salamu inaishia mlangoni. Ikiwa ndani, mteja anatembea mita tano katikati ya vyombo akienda kusalimia, na anatembea mita tano nyingine akirudi.

Shangazi aliogopa wizi, maana kuuzia nyuma ya kaunta ni desturi ya zamani kuliko sisi. Wakati Clarence Saunders anafungua duka lake la kujihudumia, Piggly Wiggly, huko Memphis, Marekani, mwaka 1916, kawaida ya maduka ya vyakula ilikuwa muuzaji kusimama nyuma ya kaunta na kushusha bidhaa moja moja, kama sisi tulivyofanya mpaka wiki iliyopita. Tumeweka kioo ukutani cha 15,000 kinachoonyesha kona ya mlango kutoka kaunta. Tutaona.

24 Agosti. Duka safi, watu wanapita

Matokeo ya kwanza ni mabaya na nayaandika yalivyo. Maharage kwenye kikombe cha kwanza yamepungua. Watu wanatazama, wanapunguza mwendo, wanaendelea na safari. Majirani wawili wameuliza kama shangazi anahama.

Tulipata jibu kwa mama mmoja wa Ujiji, mteja wa siku nyingi, aliyepita mara mbili bila kuingia. Shangazi alimwita wakasalimiana, akamuuliza kulikoni. Akasema, "Nilidhani mmeuza duka kwa matajiri. Pamekuwa pa bei." Hakuwa ameona bei hata moja. Ukuta mweupe, nafasi kati ya vyombo na sakafu iliyodekiwa vilimwambia kwamba hapa si mahali pa mtu mwenye shilingi elfu tano.

Ushauri mwingi wa kupanga maduka unadhani usafi na nafasi ni faida tupu. Kwenye soko letu lundo lina lugha yake: linasema bei ni ya chini, shika, chagua, hakuna atakayekuangalia vibaya. Duka likiondoa lundo lote, linamfukuza mtu huyo kwa adabu.

Tulilirudisha lundo, moja tu, mahali tulipochagua sisi. Meza ya zamani ya mbao imewekwa upande mmoja wa mlango, na juu yake vitu vidogo vimemwagwa bila mpango: michujio, miiko, vikombe vya plastiki, vibakuli vya mtoto, sabuni za kuoshea vyombo. Juu yake kibao: KILA KITU 1,000. Tumechanganya humo birika zile zilizopauka pia, nazo zimekwisha, kwa hasara ndogo. Meza haileti faida kubwa. Kazi yake ni kumsimamisha mtu, mikono yake ikae juu ya kitu, macho yake yaingie ndani. Siku tatu baada ya kuiweka, waliosimama walirudi kama zamani, na wengi wao wakaingia.

Vijiko ndivyo vilivyoibiwa. Viliwekwa kwenye meza hiyo, kioo hakikusaidia, vikapungua kuliko daftari lilivyosema. Vijiko na visu sasa vinakaa kaunta, na hakuna kitu kingine kilichopotea.

Ziwa limefunguliwa, lakini fedha bado. Dagaa wanavuliwa kwa taa usiku wa giza, na lilipofunguliwa mwezi ulikuwa unaelekea kujaa. Wavuvi wanasubiri giza la mwanzo wa Septemba. Kuanzia sasa tutalinganisha giza na giza, mbalamwezi na mbalamwezi. Anayepima mauzo Kigoma kwa tarehe za kalenda peke yake atadhani rafu zake zimefanya miujiza, kumbe ni dagaa.

10 Septemba. Bei

Hili tulilijaribu kwa namna tatu, na ya tatu ndiyo iliyokaa.

Kwanza tuliandika bei ya kawaida, ile yenye nafasi ya kupunguza. Hotpoti ya seti tatu, 45,000. Shangazi huanzia hapo na kushuka mpaka 38,000. Kwenye karatasi, 45,000 ilikuwa inafukuza watu: wanasoma, wanarudisha mfuniko taratibu, wanatoka bila kusema neno. Zamani wangeuliza, wangeambiwa 45,000, wangecheka, na mazungumzo yangeanza. Karatasi haicheki na mtu.

Tukaandika bei ya mwisho, 38,000. Sasa wakawa wanaingia, lakini wakiomba kupunguziwa shangazi hana pa kushuka, na mteja anayenyimwa hata mia tano anajisikia amedharauliwa. Huku kwetu kupunguziwa ni heshima, hata kama kiasi ni kidogo.

Namna ya tatu: kadi ina bei mbili. Juu, kwa maandishi makubwa, bei ya kimoja, ikiwa na nafasi ndogo tu ya kushuka. Chini, bei ya ukichukua zaidi: sahani moja 3,500, sita 19,000. Hapo mazungumzo yamehama. Badala ya kuvutana juu ya sahani moja, mteja anapiga hesabu ya sita, na shangazi anaweza kumwongezea kijiko cha mchuzi akafurahi. Sahani za udongo zimeanza kutoka kwa sita sita, jambo ambalo daftari la Julai halikuwa nalo kabisa.

Bei iliyoandikwa ina historia ndefu. Mfanyabiashara Aristide Boucicaut aliitumia kulijenga duka kubwa la Le Bon Marché, Paris, tangu mwaka 1852, pamoja na ruhusa ya mtu kuingia na kutazama bila kulazimika kununua. Ruhusa hiyo ya kutazama ndiyo kadi inayompa mteja wetu. Mwenye fedha kidogo hapendi kuuliza bei mbele ya watu halafu ashindwe. Akisoma mwenyewe, anajua kama aendelee, na siri inabaki yake.

Wanunuzi wa Kongo wanaovuka ziwa kupitia bandari ndogo ya Kibirizi ni habari nyingine. Hawahitaji meza nzuri. Wanasimama mlangoni: "Ile sufuria iko bei gani kwa dazeni, mama?" Wanataka kuona boksi limefungwa, idadi imeandikwa, na sampuli moja nje waipige kwa kidole wasikie unene wake. Kwao tumetenga sehemu ya ukuta wa nyuma, karibu na kaunta: boksi zimepandana, juu ya kila rundo sampuli moja, na kadi ya dazeni. Hapo hata shangazi ameridhika, kwa sababu mtaji wake unaonekana.

Kadi ngumu na maka peni: 7,000.

23 Septemba. Jua la magharibi

Siku hizi jua linatua magharibi kamili, na mlango wetu unatazama huko huko. Tena Kigoma jua linachelewa. Saa yetu ni ile ile ya Dar es Salaam, lakini tuko mbali magharibi mwa nchi, hivyo saa kumi na mbili jioni huku jua bado lina nguvu na linaingia dukani mpaka katikati ya chumba.

Tulikuwa tumetundika mashuka karibu na mlango kwa sababu rangi zake zinavuta macho kutoka barabarani. Yalivuta kweli. Lakini shuka jekundu lilipokunjuliwa kwa mteja, mstari mpana ulikuwa umepauka pale lilipokunjwa, wekundu umegeuka waridi, na upande wa ndani bado uko kama mpya. Mashuka manne yaliuzwa chini ya bei ya kununulia. Nyekundu na zambarau zimeumia kuliko rangi nyingine.

La pili ni la hatari na nataka lisomwe kwa makini. Bakuli kubwa la chuma cha pua, la kung'aa, tuliliweka kwa kulisimamisha ubavu ili uso wake wa ndani utazame barabarani. Jioni binti akasikia harufu ya karatasi inayoungua. Mbele ya bakuli kulikuwa na boksi la glasi, na upande uliolitazama bakuli lile palikuwa na doa la kahawia lenye ukubwa wa shilingi mia mbili, kingo zake nyeusi, moshi mwembamba unatoka. Uso wa ndani wa bakuli umekusanya miale ya jua mahali pamoja, kama vile kioo cha kukuza kinavyofanya. Lingekaa robo saa zaidi jirani zetu wote wangehusika, maana vyumba vimeshikana.

Marekebisho: mabakuli na masinia ya kung'aa yanayokaa karibu na mlango yamefudikizwa au yanatazama ndani. Vitambaa vyote vimehamia ukuta wa kusini, ndani kabisa. Mlangoni vinakaa vitu vya udongo na glasi, ambavyo jua haliwezi kuvipausha. Nje tumeweka turubai kwenye fremu ya bomba inayoshushwa saa tisa alasiri: 95,000, gharama kubwa kuliko zote ukiacha rafu, na kama ningeanza upya ningeanza nayo. Anayetaka kuiga, asimame dukani kwake jioni ya siku ya jua kali kabla hajaamua nini kikae wapi.

19 Oktoba. Njia, taa, na ukuta wa kushoto

Mwisho wa Septemba tulikaa na daftari. Kwa bidhaa zile zile na bei zile zile, ukuta wa kulia ulitoa vyombo vingi zaidi ya mara mbili ya ukuta wa kushoto. Shangazi alisoma mwenyewe, akafunga daftari, akasema tumwite seremala. Plaiwudi iliyobaki imetosha. Ufundi haukuongezeka kwa sababu fundi alikuwa ameshalipwa kwa kuta mbili.

Njia katikati ya rafu na meza tuliiacha sentimita 70. Haikutosha. Mama mwenye mtoto mgongoni akigeuka anahitaji nafasi ya watu wawili, na mwenye kapu la sokoni vivyo hivyo. Glasi sita zilivunjika kwa mkupuo mmoja, na yule mama aliona aibu kiasi kwamba shangazi alikataa fedha yake. Kuna hasara nyingine isiyo na kishindo: mtu akiguswa mgongoni na anayepita, anaacha alichokuwa anakitazama na kusogea. Rafu ya chini ndiyo iliyoathirika zaidi, kwa kuwa hakuna anayekubali kuinama njiani pakiwa pembamba. Tumepanua mpaka sentimita 110 kwa kuondoa kabati moja. Rafu ya chini imeanza kuuza, na glasi zimepanda kwenye rafu ya kifua upande wa ndani, mbali na mlango.

Taa: sita za LED, 24,000, na fundi umeme 20,000. Zinazopatikana kwa wingi hapa ni za mwanga mweupe, kwenye boksi zimeandikwa 6500K. Sufuria na glasi zinameremeta chini yake. Mashuka yakaonekana yamepoa, rangi ya maziwa ikawa ya kijivu, na mteja mmoja alilitoa shuka nje kwenye jua kulihakiki kabla hajalipa. Tulitafuta mbili za 3000K, mwanga wa manjano, 10,000, tukazifunga juu ya vitambaa peke yake. Tangu hapo hakuna aliyetoa shuka nje. Namba hiyo ikiwa ndogo, mwanga unaelekea manjano. Soma boksi kabla ya kulipa.

16 Novemba. Meza ya wageni, na habari ya mawese

Mvua zimeanza, vumbi limepungua, na hilo limempumzisha binti. Vyombo vilivyo wazi vinahitaji kufutwa kila asubuhi. Wakati wa kiangazi kazi hiyo ilimla saa nzima, na ni gharama ambayo lazima ihesabiwe.

Mpaka hapa tulikuwa tumepanga vitu kwa aina: sahani na sahani, jagi na jagi. Mwanzoni mwa mwezi tulichukua meza moja katikati ya duka na kuiandaa kama inavyoandaliwa nyumbani wageni wakija. Kitambaa cha meza, hotpoti mbili, sahani sita, jagi na glasi zake, bakuli la mchuzi, la kunawia mikono pembeni. Kadi moja ina bei ya meza nzima, na kila chombo kina kadi yake. Meza nzima imenunuliwa mara chache, hasa na ndugu wanaochangishana zawadi ya bibi harusi. Lakini kitambaa cha meza, ambacho kilikuwa mali iliyolala, kimekwisha na kuagizwa tena. Watu walikuwa hawakioni kikiwa kimekunjwa ndani ya nailoni. Walipokiona kimetandikwa, wengi waliulizia hicho hicho, chenye maua yale yale, hivyo kilicho mezani lazima kiwepo stoo.

Mabakuli meupe ya plastiki yaligoma kabisa, hata tulipoyaweka kwenye rafu ya macho. Daftari la maswali lina sababu: "Hili halishiki mawese?" Kigoma mawese ni mafuta ya mboga ya kila siku, na rangi yake ya machungwa inaingia kwenye plastiki nyeupe haitoki tena. Kila mama analijua hilo kwa bakuli lililoko jikoni kwake. Basi shangazi akaleta mawili kutoka nyumbani, yote yametumika kwa maharage ya mawese na kuoshwa: la plastiki, limebaki na duara la machungwa hadi nusu yake, na la udongo, jeupe safi. Tukayaweka pamoja kwenye rafu, bila maneno mengi, kadi imeandikwa tu: YOTE MAWILI YAMEOSHWA. Mabakuli ya udongo ni ghali karibu mara tatu ya plastiki, na sasa ndiyo yanayotoka. Kati ya yote tuliyojaribu, hili limegharimu sifuri na limempa mteja ukweli anaouhitaji. Ya plastiki tunaleta ya rangi za kiza tu.

Hesabu ya giza kwa giza: wiki ya kwanza ya Septemba wastani wa mauzo kwa siku ulikuwa 126,000, wiki ya kwanza ya Novemba, 171,000. Wanaonunua kati ya kumi wanaoingia wamefika watano. Sehemu ya ongezeko ni uvuvi kurudi sawasawa, siwezi kuitenganisha yote. Lakini kiwango cha wanaonunua kati ya wanaoingia hakitegemei sana dagaa, na hicho ndicho ninachokitazama.

18 Januari 2025. Kona ya bweni, na gharama zote

Desemba wazazi wa waliochaguliwa kidato cha kwanza walianza kuja na fomu za maelekezo ya kujiunga mkononi. Wanasoma mstari, wanauliza, wanatafuta, wanarudi kwenye mstari unaofuata. Mama mmoja alituacha tukapiga picha ya fomu ya mwanawe, nasi tukapanga kona nzima kwa mfuatano huo huo wa orodha: ndoo yenye mfuniko, beseni, shuka, chandarua, sahani, kikombe, kijiko, kufuli. Juu tumebandika orodha yenyewe kwa herufi kubwa, kila kitu na bei yake, chini jumla. Kisha ndoo moja imejazwa vitu vyote hivyo kama mtoto atakavyoibeba kwenda shuleni, na hiyo ndiyo iliyokaa mlangoni, chini ya turubai.

Baba waliokuwa wanatumwa na orodha ndio walioipenda kuliko wote. Wanaonyesha ndoo, wanalipa, wanaondoka nayo. Tulichokosea makadirio ni rangi za mashuka: kila shule ina rangi yake, bluu bahari ilikwisha mapema, na tumebaki na ya waridi ambayo shule chache zinaitaka. Tulirekebisha kwa kuacha nafasi ya shuka ndani ya ndoo wazi, mzazi achague rangi mwenyewe, na bei yake iongezwe pembeni.

Gharama zote hadi leo: rangi na vifaa vyake 84,000, rafu na ufundi 200,000, kioo 15,000, kadi 7,000, turubai na fremu 95,000, taa na umeme 54,000. Jumla 455,000. Nje ya hapo kuna hasara ya mashuka manne, glasi sita, vijiko na birika. Kwa bajeti ndogo kuliko hii, mpangilio wangu wa kipaumbele ni kadi za bei, kuhamisha kaunta, lundo la mlangoni, kisha kivuli. Rangi na taa vinaweza kusubiri.

Kilichobaki ni stoo, ambayo bado mtu anatumia muda mrefu kutafuta boksi la pili la kitu kilichouzwa mbele, na mashuka ya waridi. Fundi anakuja Jumatatu kupima rafu za stoo. Mashuka yatahamia kwenye meza ya wageni, yakatwe vitambaa vya meza, na binti tayari amekubaliana bei na fundi cherehani wa jirani.